Jumatano Ni Yangu

Nianze na hasira, maana bila hasira nisingefika hapa. Siku uongozi wa kiwanda ulipotuita sote uwanjani, tukiwa bado na mabuti na kofia za nywele, nilikuwa nimewakasirikia watu watatu: mama mkwe wangu, msimamizi wa meza yetu, na baba mtoto aliyekuwa visiwani anavua dagaa. Wote watatu nitawashukuru kabla sijamaliza kuandika. Wasubiri kidogo.

Nafanya kazi kiwanda cha samaki, meza ya kusafisha minofu. Sangara anatufikia ameshapasuliwa, sisi tunatoa miiba iliyobaki, mafuta na vipande vya ngozi, minofu inakwenda kwenye barafu na baadaye kwa watu wanaokula mbali sana na sisi. Mikono inaganda. Tulikuwa tunafanya siku sita, ofu moja. Ofu yangu ilikuwa Jumamosi, na niliiomba kwa ajili ya mama mkwe, kwa sababu yeye ni Msabato. Yeye anakwenda kanisani, mimi nabaki na mtoto. Siku nyingine zote mtoto anabaki naye. Tunaishi kwenye uwanja wake, Buswelu hapa Mwanza, chumba cha nyuma.

Mwanangu alizaliwa unyayo wa kulia umegeukia ndani, kana kwamba anataka kujitazama kisigino. Majirani walisema utanyooka akianza kutembea. Nikawaamini, mzazi mpya anaamini lolote linalompa usingizi. Nesi wa chanjo ndiye aliyeushika mguu ule, akaugeuza, akaniangalia usoni. "Mama, huu haunyooki wenyewe. Mpeleke mjini."

Mjini wanaunyoosha kwa mikono, kidogo kidogo, halafu wanaufunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia vidoleni mpaka pajani. Wiki inayofuata hogo linatolewa, unyayo unanyooshwa tena kidogo, linafungwa jipya. Hivyo hivyo mpaka unyooke. Kliniki ni Jumatano tu. Na walinieleza bila kupamba: ukiruka wiki, unyayo unarudi ulikotoka, na akishakuwa mkubwa ni kisu.

Msimamizi alinipa ruhusa Jumatano ya kwanza, na ya pili akanipa kwa kununa. Ya tatu akasema, "Mama, mimi siwezi kuwa na pengo kwenye meza kila Jumatano. Huna ndugu?" Nikamwomba anibadilishie ofu. Akasema ofu zilishagawanywa, na nikiiachia Jumamosi mtoto nitamwachia nani? Hapo alikuwa na haki, na ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Basi mama mkwe akawa anampeleka yeye.

Lazima nimweleze mama mkwe wangu. Ni Msukuma wa kuongea polepole, na Sabato yake haina mchezo. Ijumaa mchana anapika cha kesho, anafagia, anachota maji, anapanga nguo ya kanisani kitandani. Jua likizama, amefunga. Hapiki wala hauzi nyanya zake, hata sindano hashiki mpaka jua lizame tena Jumamosi. Ila kitu ambacho sikuwa nimekielewa ni kwamba kwake si Sabato peke yake inayoanza jua likizama. Ni kila siku.

Nesi wa mjini alimwambia ili kupunguza foleni aloweshe hogo nyumbani Jumatano, alivue, aje na mtoto msafi. Mimi jioni ya Jumanne natoka kazini, naingia ndani, namkuta mwanangu amelala mguu mtupu. Hogo liko kwenye beseni limekuwa uji.

"Mama, mbona hogo limetolewa?"

"Nesi alisema Jumatano."

"Leo Jumanne, mama."

"Jua limezama, mkwe wangu. Jumatano imeingia."

Aliongea kwa upole, kama mtu aliyewahi kazi. Na mguu ule, ninaapa, ulikuwa umeshaanza kujikunja. Mama wa mume wako humfokei. Nilitoka nje nikaosha mabuti yangu ambayo yalikuwa yameshaoshwa kazini, nikayasugua mpaka jirani akauliza kama nimekanyaga kinyesi.

Kesho yake walirudishwa nyuma. Unyayo ulikuwa umelegea usiku mzima, ikabidi wafunge upya kama wiki iliyopita. Mama mkwe alirudi na ujumbe akautoa akiwa anaangalia chini: Jumatano ijayo aje mama mwenyewe. Halafu akaongeza, "Yule nesi hana adabu." Nikajua kwamba amesemwa, na kwamba limemuuma.

Na baba mtoto? Baba mtoto ofu yake inapangwa na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanaanika nyavu, wanarudi nyumbani. Kwa hiyo mume wangu namwona mwezi ukiwa mkubwa. Nilimpigia nikamweleza. Akasema, "Vumilieni, nakuja mwezi ukijaa." Nikakata simu. Mguu wa mtoto unasubiri mwezi?

Ndiyo hali niliyokuwa nayo siku tulipoitwa uwanjani. Wakubwa wakasema samaki wamepungua, hakuna maana ya kuita watu wote siku sita kwa meza nusu tupu. Kuanzia sasa kila mtu atafanya siku nne, ndefu, tunaingia kabla hakujapambazuka na kutoka jua likienda kuzama. Halafu siku tatu za kupumzika, mfululizo. Kundi la kwanza Jumatatu mpaka Alhamisi. Kundi la pili Alhamisi mpaka Jumapili.

Uwanja ukachafuka. Kundi la pili lilikuwa linakula Ijumaa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili ya waliobaki. "Aliyepanga hivi hana dini kabisa," mtu akasema nyuma yangu. Mwingine akajibu, "Ana dini, ila anasali Jumanne." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejitolea. Mimi nilinyoosha mkono kabla msimamizi hajamaliza kuuliza.

Mwenzangu wa meza akanivuta gauni. "Umechanganyikiwa? Harusi, misa, vikao, vyote mwisho wa wiki. Utaishi na nani?"

"Nataka Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Kuna mguu."

Msimamizi alisikia. Alinitazama, akaliandika jina langu kwanza kabisa, na baadaye walipotaka kutuchanganya upya kwa sababu watu walilalamika, yeye ndiye aliyesema, "Huyu msimguse." Maneno mawili. Nilikuwa nimemsema vibaya mtu huyu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na sasa sina budi kumsema vizuri.

Nilifika nyumbani na habari. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi.

"Jumatano sasa nitampeleka mwenyewe, mama. Ila Jumamosi nitakuwa kazini."

Kisu kikasimama. "Sabato utafanya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto?"

"Ndiyo naomba…"

"Mimi Sabato sikai nyumbani. Tangu nibatizwe sijakaa, hata nilipougua malaria nilikwenda nikalala kwenye benchi."

"Basi nenda naye."

Akautazama mguu wa mjukuu wake, lile hogo kubwa, chafu kidogo kwenye vidole. "Kanisani? Na hilo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa hajawahi kuutoa mguu ule mbele za watu. Hospitali alikuwa anaufunika na kanga tangu mlangoni. Nilitaka kumwambia maneno ambayo yangevunja nyumba. Nilisema tu, "Mama, sina mtu mwingine," nikaingia ndani.

Jumamosi ya kwanza niliondoka kukiwa giza na hakuna aliyesema atafanya nini. Simu tunaacha kwenye makabati, kwa hiyo siku nzima sikujua. Nilisafisha minofu kwa nguvu mpaka mwenzangu akasema, "Huyo samaki alishakufa, dada, mwache." Niliwaza mtoto ameachwa na mtu nisiyemjua. Niliwaza nikaiombe tena Jumamosi yangu, na Jumatano ipotee, na mguu upotee nayo.

Nilirudi jua linazama nyuma ya mawe. Mama mkwe yuko uwanjani, amekaa kwenye kigoda na gauni lake la kanisani, hajabadilisha. Mtoto yuko mapajani. Hogo limevishwa soksi nyeupe ya mtu mzima, imevutwa mpaka gotini, safi kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wangu ameshakula." Anamwita mjukuu wake mume wangu, kama bibi wote. "Kalala ibada nzima. Hakusumbua."

Nikakaa chini. "Hawakuuliza?"

"Wameuliza. Wangeachaje kuuliza, wale?" Akamhamisha mtoto paja. "Shemasi mke akasema, mayu, mama yetu, huyu mtoto ana nini? Nikasema mume wangu anajengwa mguu, na fundi ni Mungu na yule nesi asiye na adabu. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikasema kazini. Akasema, siku ya Sabato?"

"Ukasemaje?"

Mama mkwe akaangalia upande wa jua, kuhakikisha limezama, kisha akavua viatu vyake vya kanisani kimoja kimoja. "Nikasema mkwe wangu Sabato yake iko Jumatano. Kama Bwana ana neno, atalisema na mimi."

Sijawahi kumwona mtu akitoa kitu kikubwa hivyo kwa sauti ndogo hivyo. Nilichukua viatu vile nikavipangusa vumbi.

Tangu hapo Jumatano yangu niliilinda kama mbwa. Na ilihitaji kulindwa, maana watu wakishajua una siku tatu za kukaa nyumbani, wanakugawana. Shemeji wa Sengerema akapiga simu: "Si una ofu? Njoo tupalilie mahindi." Wanamsiba wa mtaani wakawa wananiweka zamu ya jikoni bila kuniuliza, kwa kuwa "yule yupo." Jirani akaniachia watoto wake akaenda Mkuyuni sokoni, akarudi jioni na habari nyingi na asante moja. Wenzangu kiwandani wanalia hivyo hivyo. Mmoja analala Jumatatu nzima na simu kaizima, anasema huo ndio utalii wake. Mwingine anakaanga maandazi siku zote tatu, na akirudi kazini anasema amekuja kupumzika. Jumatatu nilikubali, Jumanne nikakubali na hasira. Jumatano nilisema hapana, na sikuongeza maelezo. Shemeji alininunia. Akapalilia na wengine.

Jumatano yenyewe ilikuwaje? Asubuhi, siyo jioni, tunalowesha hogo kwenye beseni, mimi nashika mguu, mama mkwe anafungua tabaka kwa tabaka. Namwosha mtoto, mguu ule mwembamba kuliko mwenzake, naubusu. Tunakwenda mjini. Kwenye benchi la kliniki nimekaa na wanawake waliotoka ng'ambo ya ziwa, waliotoka visiwani, wengine wameacha maduka, na kila mmoja ana yule wake mwenye mguu mweupe, na watoto wanapigana mahogo kama ng'ombe wanaopimana pembe. Nimecheka kwenye benchi lile kuliko harusini. Nikirudi tunapita ufukweni, nanunua sato mdogo wa kukaanga, namlambisha mtoto kidole. Mimi ambaye kutwa nzima niko na samaki nilikuwa sijakaa na kula samaki kwa utulivu tangu nianze kazi. Niliishi Mwanza miaka yote bila kujua ziwa saa tano asubuhi lina rangi gani.

Wiki ya hogo la mwisho mwezi ulijaa. Baba mtoto akaingia Jumatatu na ndoo ya dagaa, kachomwa na jua, na safari hii hakulala siku mbili kama desturi yake. Alimbeba mtoto akauliza maswali. Nilikuwa nimemwandalia ugomvi mzuri, wa muda mrefu, akaniharibia kwa kusema, "Kesho kutwa nakwenda nanyi. Nataka niushike."

Jumanne jioni nikiwa naanua nguo, jua likazama, na mwezi ukatokea upande wa pili mkubwa kama sinia. Nikamsikia mama mkwe anaburuta beseni uwanjani, anamwaga maji.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

"Leo Jumanne."

"Jumanne yako. Yangu imekwisha." Akalitazama beseni, akanitazama, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Naandaa tu, mkwe wangu. Sijamgusa mume wangu. Nikimgusa utaosha mabuti mpaka yatoboke."

Mume wangu akauliza mnacheka nini. Hatukumwambia.

Asubuhi tulivua hogo sote watatu. Nesi asiye na adabu aliushika unyayo, akausukuma juu, chini, pembeni, akauachia. Ukabaki pale pale alipouacha. Alituonyesha viatu vilivyounganishwa na chuma, atakavyolala navyo ili usirudi, miaka kadhaa. Tutamvisha. Halafu akamwambia baba yake amsimamishe juu ya meza. Akamsimamisha, mama mkwe akainama mpaka shavu likakaribia meza, akapitisha kidole chini ya kisigino kuona kama kuna nafasi.

"Hakuna," akasema. Akanishika mkono akanipitisha na mimi kidole. Hakuna.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Niliingia kazini kukiwa giza.