Fingo la Mzee Nzai

Nzai wa Kadenge amefunga nyaya za umeme kuanzia Chaani hadi Utange kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna nyumba aliyoifunga ikaua mtu. Hulisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu mwingine asemavyo kwamba hajawahi kuvuta sigara. Hana kibao barabarani, wala hagawi karatasi zenye namba yake ya simu. Jina lake ndilo duka lake: huyu humwambia yule, na yule humwita. Ndiyo maana wapangaji wa ploti yetu ya Mikindani walipomwita mchawi, mchana kweupe, ilikuwa sawa na kulitia moto duka lile likiwa na mwenyewe ndani.

Nilisoma naye. Katika shule yetu ya misheni, kule nyuma ya Mariakani, palikuwa na karakana, na ndani ya karakana palikuwa na Bruda mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyetuandikia ubaoni maneno matatu ambayo hakuyafuta mwaka mzima: Kata. Pima. Gusa. Kwanza ukate umeme, kisha upime kama kweli umekatika, ndipo uguse. Mimi niliziacha nyaya nikawa karani wa reli. Nzai aliendelea nazo, na maneno yale yakamganda mdomoni. Hata leo, akifanya kazi, midomo yake hucheza: kata, pima, gusa, kata, pima, gusa. Tena ana desturi nyingine ya pale pale karakana. Akishazima umeme, huing'oa fyuzi, huitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Swichi ina marafiki wengi," husema. "Mfuko wangu una mwenyewe mmoja."

Ploti ninayoizungumzia ni ya mjane aitwaye Mama Margret. Ina vyumba tisa, ua mmoja, bafu moja na bomba moja, na mimi ninaishi chumba cha kwanza karibu na lango. Wapangaji wenzangu wengi wametoka bara: madereva, watu wa viwandani, fundi cherehani mmoja. Mwaka jana, mvua za Mei ziliposhika, bomba letu lilianza kuuma. Ukilishika hali umevaa viatu, husikii kitu. Ukilishika miguu mitupu juu ya saruji mbichi, linakutetemesha hadi begani. Kafedha, mama auzaye mahamri pale langoni, lilimtupa chini na ndoo yake, akateguka mkono.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Clifford wa chumba cha sita. Huyu alikuwa kijana nadhifu, mwepesi wa maneno, aliyejiita fundi wa umeme. Ndiye aliyefunga shawa ya maji moto bafuni mwezi wa Aprili. Alikuja na bisibisi yenye taa, akagusa hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Hii si stima," alisema mbele ya watu wote. "Nimepima. Stima yangu iko sawa kabisa."

"Sasa ni nini?" akauliza Kyalo, dereva wa trela.

"Mimi nitajuaje? Hii Pwani yenu ina mambo yake."

Jioni ile ile alinijia pale mlangoni pangu, akaniamkia vizuri. "Shikamoo, Mzee Kalama. Hivi watu wa huku huzika nini kwenye nyumba?" Nami, ambaye kupenda maneno ya kale ni udhaifu wangu, nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza kwamba kitu hicho huitwa fingo; kwamba wazee walikizika kwenye pembe ya nyumba ili kuizindika, isiingiwe na baya; kwamba ni kinga, wala si dhara. Nilimwambia hata vilivyotiwa ndani, mkaa na chumvi vikiwamo. Alisikiliza kama mwanafunzi mwema. Baada ya siku mbili nilisikia watoto wa ploti wakiambiana, "Usiguse, kuna fingo!" Neno nililompa likiwa ngao, yeye alikuwa amekwisha kuligeuza mkuki.

Mama Margret hakuridhika. "Mzee, nitafutie fundi," aliniambia, "lakini asiwe fundi wa maneno."

"Yeyote atakayekuja," nikamjibu, "muulize athi ya nyumba hii iko wapi. Akishindwa kujibu, mpe chai aende zake." Nikamfafanulia kwamba athi ni ule waya wa kijani uendao ardhini, ili umeme unaotoroka upate njia nyingine ya kushukia, usipite mwilini mwa mtu. Kisha nikampa namba ya Nzai.

Nzai alifika Jumamosi asubuhi, watu wengi wakiwa nyumbani. Aliamkia ua mzima. Walioitikia walikuwa wawili. Aliposikia lafudhi yake ya Kigiriama, Kyalo alimtazama Clifford, na Clifford akainua nyusi.

Mama Margret aliuliza swali lake la athi. Nzai akaenda kwenye swichi kubwa. Alizima umeme, akafungua boksi la ukutani, akachomoa kutoka mahali pa fyuzi kipande cha waya kilichosokotwa, kinene kama msumari.

"Mama, hii si fyuzi," alisema. "Fyuzi kazi yake ni kufa ili watu waishi. Hii haifi. Nyumba itaungua, yenyewe iko tu."

Kile kipande alikitupa. Akatoa fyuzi mpya katika mkoba wake, lakini hakuipachika. Aliitia mfukoni, akafunga kifungo. Kisha akaufuata waya wa kijani kutoka kwenye shawa. Ulipita dirishani, ukashuka ukutani, ukaishia kwenye bomba la uani, umefungwa kwa fundo kama mbuzi. Nzai akachimbua kidogo chini ya bomba. Chuma kilikuwa cha urefu wa mkono tu. Kuanzia hapo kwenda chini kulikuwa na bomba la plastiki.

"Athi yako hii hapa, mama. Shawa imeoza ndani, inavujisha. Umeme unafika hapa bombani na kusimama, hauna pa kwenda, kwa sababu plastiki haiupitishi. Unamngoja mtu."

"Aliyefunga hivyo alikuwa amesomea wapi?" aliuliza Wanjiru, fundi cherehani, na baadhi ya watu wakacheka.

Clifford hakucheka. Alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji, miguuni amevaa champali zake nene za mpira. Akaenda kukaa na Kyalo kwenye kivuli cha ukuta, wakaanza kunong'ona.

Nzai alikwenda nyuma ya bafu, kwenye pembe ya nyumba ambapo udongo huwa na unyevu, kwa maana kwingine kote ni mawe. Alichimba shimo la kufika gotini. Akakita ndani yake ufito wa shaba, akaupigilia kwa nyundo hadi ukazama. Alipomaliza, akatandaza mkaa kuuzunguka, akamimina chumvi ya mawe juu ya mkaa, na maji juu ya chumvi. Ndivyo tulivyofundishwa: ardhi kavu haipokei umeme, chumvi na mkaa huishikisha unyevu. Na wakati wote huo alikuwa amepiga magoti, midomo yake ikicheza. Kata, pima, gusa. Kata, pima, gusa.

"Unasema na nani hapo?"

Alikuwa Kyalo. Nyuma yake walisimama wapangaji sita au saba, na langoni watu wa njia walikuwa wameanza kujaa.

"Nafanya kazi, bwana," alisema Nzai.

"Kazi ya chumvi na makaa? Unapikia nani?"

"Mimi niliwaambia," Clifford alisema, sasa kwa sauti kubwa. "Mzee Kalama mwenyewe alinieleza. Kwenye pembe ya nyumba, mkaa, chumvi. Hilo ni fingo. Bomba linauma kwa sababu kuna kitu kimezikwa, na leo mmemwona mwenye kuzika!"

Nilisimama. "Clifford, mwanangu, sikusema hivyo," nilianza, lakini sauti yangu ni ya karani, si ya mkutano.

"Mzee, kaa chini," akaniambia kijana mmoja. "Nyinyi ni kitu kimoja."

Kyalo alilipiga teke debe la chumvi, likatawanya mkaa. "Chimbua! Ng'oa hiyo kitu yako saa hii hii!"

"Hata wewe Kyalo unaogopa uchawi?" Wanjiru alimrushia. "Nilidhani kwenu ndiko kiwanda chake."

"Wewe shona nguo, mama. Huyu mzee anawazikia watoto wetu uchawi."

Ndipo sauti moja kutoka langoni ikataja tairi la kumchomea mchawi. Sote tuliishi mahali ambapo neno hilo halisemwi kwa mzaha, na ambapo mvi peke yake zimewahi kutosha kuwa ushahidi wa uchawi. Mama Margret alijishika kifua. Nzai akainuka polepole, akapangusa magoti yake. Aliposema, alisema kwa utaratibu, kama mtu asomaye somo kanisani.

"Mnasema ni fingo. Haya. Fingo linajua kama stima ipo au haipo?"

Akamgeukia Clifford.

"Nauliza wewe, fundi mwenzangu. Ulipima ukasema si stima. Basi stima ikizimwa, bomba litauma au halitauma?"

"Litauma," alisema Clifford. Angesema nini tena?

Nzai akavua viatu, akavua na soksi, akazikunja vizuri na kuzitia kiatuni. Akatembea miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, akalishika bomba kwa mikono miwili. Akalifungua. Akanawa uso, akasukutua, akatema. Watu waliokuwa wamenyoosha shingo wakazirudisha.

"Amezima stima," Kafedha alisema, mkono wake ungali kwenye bandeji. "Asubuhi alizima. Mimi nilimwona."

"Nilizima," akakubali Nzai. Akaenda kwenye boksi la ukutani, akatugeuzia mgongo, akafanya jambo mle ndani. Tukasikia kifuniko kikifungwa, ta! Akarudi katikati ya ua. "Sasa, bwana Clifford. Wewe ndiye uliyesema si stima, si kazi ya mkono wako. Njoo ufungue bomba hili. Lakini kwanza vua champali."

Clifford alitazama bomba. Halafu akatazama miguu yake, na ua mzima ukaitazama pamoja naye. Tangu Mei, wakati watoto wetu na mama zetu walipokuwa wakirushwa chini kwa miguu mitupu, hapakuwa na siku ambayo yeyote kati yetu alimwona akiteka maji bila zile champali za mpira.

"Mimi sichezeshwi na mzee," alisema.

"Vua," Kyalo akamwambia.

"Kyalo, si wewe ndiye uliyekuwa..."

"Nimesema vua!"

Hakuvua. Wanjiru akapiga makofi mara moja. "Kumbe fingo lenyewe linaogopa champali!"

Hapo Nzai alifungua kifungo cha mfuko wa shati. Akatoa fyuzi, akaiinua ili watu wa langoni nao waione. Boksini hakuwa amerudisha kitu. Bomba lilikuwa limekufa tangu asubuhi; hata mtoto mchanga angeogeshwa pale.

"Alijua," Kafedha alisema polepole. "Alijua, akaniacha nianguke."

Kyalo alikwisha kumshika Clifford ukosi. Waliokuwa wakimngoja mchawi sasa walimtaka fundi, na sidhani walijali tofauti. Nzai akajipenyeza kati yao. "Mwacheni. Kupigwa hakujamfundisha mtu kufunga athi. Nipisheni, jua linakwenda."

Clifford alijifungia chumbani mwake, na kabla ya mwezi kwisha akahama. Nzai aliunganisha waya wa kijani na ufito wa shaba, akakata fundo la bombani, akaing'oa ile shawa. Akapima. Ndipo alipoirudisha fyuzi mahali pake. Katika muda wote huo hakuna mtu aliyemwambia samahani. Kyalo alikwenda kwenye shimo, akarudisha mkaa uliotawanyika kwa ncha ya kiatu, huku anatazama kando. Hiyo ndiyo radhi aliyoweza kuitoa.

"Kiangazi kikifika," Nzai alimwagiza Mama Margret, "mwagieni maji hapo kila Jumamosi. Ndoo moja."

Nilimsindikiza hadi langoni. Watu wa njia walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika.

"Nzai," nikasema, "lile neno nilimpa mimi."

"Najua. Tangu shule hujaweza kulinyamazia neno likiwa zuri." Hakunipa mkono. Alipandisha mkoba begani, akaenda, na tangu siku ile hajaja tena kunywa chai kwangu.

Kazi hajaikosa, bali imezidi. Ila humfikia kwa jina asilolitaka. Kafedha, amwagiaye maji pale pembeni kila Jumamosi, huondoka kinyumenyume bila kupageuzia mgongo, na akiulizwa na wateja wake pale langoni husema nyumba yetu imezindikwa na fundi. Habari imefika Chaani, imevuka hadi Utange. Simu ya Nzai hulia. "Wewe ndiye mzee wa fingo?" huuliza sauti ya mtu asiyemjua.

"Ni athi," hujibu Nzai, na kukata. Simu hulia tena. Huitazama kwa chuki. Kisha huipokea na kuuliza nyumba iko wapi.