Nilivyowapatanisha Mama Zangu Wadogo

Mchungaji wetu wa Kibaha alipohubiri kwamba Yesu aliwaita wapatanishi heri, niliwakumbuka mama zangu wadogo wawili wa Msimbu. Walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la mihogo.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mkubwa, nikampigia magoti.

"Mama, twende kwa mdogo wako."

"Aliniita mwizi, mwanangu!"

Sikuondoka mpaka alipojifunga khanga tukatoka. Tulipofika, mdogo wake alisema, "Shikamoo, dada."

Alipoitikia marahaba, wote wawili walilia.

Nilirudi Kibaha kifua mbele. Nimesomesha watoto na nimejenga nyumba, lakini furaha kama ile moyoni sijawahi kuipata kwingine.