Ndoa ya Bilonda juu ya Nzilo

Bilonda alikuwa msusi katika soko la Manika, mjini Kolwezi. Wanawake walimfuata hata kutoka mitaa ya mbali, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi na hakupenda umbea. Alhamisi ile baba yake alipoikataa posa mbele ya wageni, alirudi kazini akamaliza kichwa alichokuwa amekiacha nusu. Mteja alipoondoka, alimgeukia rafiki yake Jocelyne, waliyeshirikiana naye kibanda.

"Jumamosi mi naolewa."

"Wapi?"

"Sijue bado."

Mchumba wake, Zéphirin, alikuwa fundi umeme, Mlunda wa Sandoa. Alikuwa amepata kazi Kisenge, mbali na Kolwezi, na Jumatatu gari lingemchukua, ndiyo sababu wazazi wake walikuja kuposa kwa haraka. Tata Kanyinda, baba yake Bilonda, aliwapokea kwa heshima. Aliwapa viti na vinywaji, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Siwezi kutoa mutoto wangu kwa bantu balitufukuza."

Wageni wakaaga. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama yeye, walipofukuzwa Katanga na wenyeji, Walunda wakiwemo, Kanyinda na mkewe walikaa chini ya turubai kwenye stesheni ya Kolwezi wakingoja treni pamoja na maelfu ya wenzao. Mtoto wao wa kwanza alikufa pale kwa surua, wakamzika kando ya reli. Baadaye walirudi, maana Kasai kwenyewe hakuna aliyewajua. Kanyinda alizaliwa Kolwezi na hakuwa na kwao kwingine. Bilonda alizaliwa baada ya hayo yote, na Zéphirin vilevile. Lakini baba yake Zéphirin alikuwa mtu mzima wakati ule. Kanyinda hakumuuliza alikuwa wapi. Hakutaka kujua.

Kanisani kwao ndoa haikuwezekana, kwa sababu Kanyinda alikuwa shemasi pale. Jocelyne ndiye aliyekumbuka kilima cha Nzilo, juu ya ziwa, ambako kikundi chake cha maombi kilikwenda kufunga na kusali. Asubuhi ya Ijumaa walimwendea Pasta Sadrack, kiongozi wa kikundi hicho.

"Na tata yako anasema nini?" Pasta akauliza.

"Tata alishaongea," Bilonda akajibu, akitazama chini.

Pasta akakubali kuwafungisha Jumamosi. Hakuuliza tena.

Siku nzima wakahangaika. Gauni waliazima kwa mwimbaji wa kwaya, likawa refu, Jocelyne akalikunja pindo kwa mkono. Waliwaagiza vijana wa pikipiki, wakatafuta mikeka na sufuria yenye kifuniko kizuri ili bukari, ugali wao, isipoe, kwani ulikuwa msimu wa baridi na upepo wa kule juu haumwonei mtu huruma. Maua hayakuwepo porini, nyasi zote zilikuwa zimechomwa. Jocelyne aliomba matawi ya bugenvilia kwenye ua wa jirani. Bilonda alikuwa akicheka kwa kila kitu, kicheko cha juu juu, mpaka Jocelyne akamwambia anyamaze kidogo apumzike.

Kitu kimoja hakuweza kujifanyia: kichwa chake mwenyewe. Alasiri alikaa uani kwao, mama yake, Mama Mbuyi, akamsuka. Baba alikuwa hatua chache tu, akisikiliza redio. Mama alisuka polepole, mistari midogo midogo ya bibi harusi, na hakuuliza ni ya nini.

"Mama, ukuye na weye," Bilonda akanong'ona.

Vidole vikasimama.

"Nikienda, nitarudilia nyumba gani?"

Akaendelea kusuka. Tone likamwangukia Bilonda shingoni, wala hakugeuka. Baba aliinuka, akapita mbele yao kuelekea ndani. Akakitazama kile kichwa kilichosukwa, akamtazama mkewe, akaingia na kufunga mlango.

Jumamosi walipanda kilimani. Wazazi wa Zéphirin nao hawakuja; walisema hawawezi kushangilia na mtoto wa mtu aliyewaondoa nyumbani kwake mikono mitupu. Walikuwepo Pasta, Jocelyne na wanakikundi wachache. Ziwa lilitandaa chini, la kijivu, na upepo ukayachukua maneno ya Pasta kabla hayajamalizika. Pikipiki ikasikika ikipanda njia. Bilonda akamshika Pasta mkono: "Mungoye kidogo." Wote wakageuka. Alikuwa mchuuzi wa makaa, magunia yamefungwa nyuma hadi juu ya kichwa. Akawasalimia, akapita.

"Tuendelee," Zéphirin akasema taratibu.

Pasta alipouliza nani anamtoa mwanamke huyu, watu walitazamana. Jocelyne akasogea mbele. "Ni miye," akasema.

Kisenge waliishi vizuri. Zéphirin hakumwinulia mkono wala sauti. Kila Jumapili Bilonda alimpigia baba yake simu, ikaita mpaka ikachoka. Mama alimpigia kwa siri akiwa sokoni, wakazungumza habari za bei na mvua.

Msimu wa mvua uliofuata, mama alipiga akiwa nyumbani, na Bilonda akajua kabla hajaambiwa. Damu ilikuwa imempanda baba kichwani. Barabara ilikuwa tope tupu, magari yakakwama, yeye na Zéphirin wakalala njiani. Walipofika, Kanyinda alikuwa hai, lakini mdomo ulikuwa umepinda na ulimi haukufanya kazi tena.

Bilonda alimwosha. Akamnywesha uji kwa kijiko. Baba alimeza huku akitazama ukuta.

"Tata, ni miye, Bilonda. Unikasirikie, lakini uniangalie."

Macho yalizunguka chumba, yakamgusa, yakaendelea.

Zéphirin alibaki nje ya lango, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea. Mwenye haki ya kumkaribisha hakuweza kusema. Mwishowe Mama Mbuyi alitoka, akamshika mkono kama mtoto, akamleta mpaka kando ya kitanda.

"Muzee, mukwe wako anakusalimia."

Kanyinda akafumba macho. Labda alichoka, labda alikataa. Waliokuwepo walibishana juu ya hilo kwa muda mrefu baadaye, isipokuwa Bilonda. Kanyinda alikufa siku chache baadaye, na siku ya maziko wajomba wa Bilonda walimwambia Zéphirin aketi na wageni. Aliketi nao mpaka jeneza lilipoinuliwa, kisha akasimama, akaweka bega lake chini yake, na hakuna aliyemtoa.