Hakugusa, Aligusishwa

Waliosema mwanangu ameuza mechi walikuwa wanne, na wote walikuwa wamekaa kwenye makochi yangu, wanakula sambusa zangu. Mmoja wao ni baba yake mzazi. Chai sikuwanyima, lakini sukari niliiacha jikoni, na hakuna aliyethubutu kuja kuiomba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mechi tumetoka kuitazama kwenye televisheni, hapa kwetu Thorncliffe Park, Kanada, ghorofa ya kumi na nne. Mwanangu yuko chuo ng'ambo ya mpaka, Marekani, na chuo kinamsomesha kwa sababu anacheza ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Kazi yake uwanjani haina sifa. Wapinzani wakishindwa kusonga mbele, mmoja wao huupiga mpira teke uende juu na mbali. Mwenzake mwanangu husubiri nyuma kuudaka, na mwanangu husimama mbele yake kuwazuia wanaokuja mbio. Siku ile mpira haukudakwa. Ulianguka, ukawa unarukaruka kama kuku aliyekatwa shingo, ukamgonga mwanangu, na wapinzani wakaulalia. Asingeugusa, ungebaki wa timu yake. Waamuzi wakarudia video, wakatangaza kwamba aliugusa. Muda mfupi baadaye wapinzani wakafunga, na mechi ikaisha.

"Kauza mechi," akasema baba yake.

Jumapili mtoto akaandika kwamba anaacha mpira, anarudi nyumbani. Aliandika kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Tangu chekechea mimi humsemesha Kiswahili na yeye hunijibu Kiingereza, na tumeelewana hivyo hivyo. Nilimpigia simu mara sita. Hakupokea hata moja.

Sikukubali. Watu wamezoea kuniambia mambo yamekwisha, na mimi nimezoea kutowasikiliza. Niliitazama ile video kwenye basi nikienda kazini, nikaitazama nikirudi, nikaisimamisha, nikaikuza, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Mwenye macho haambiwi tazama. Kulikuwa na mkono. Mkono wa mpinzani, uko mgongoni mwa mwanangu, na mpira uko miguuni pake.

Mmoja wa wale mabwana wa kwenye makochi, anayekaa mji wa jirani, Pickering, na anayejua kila kitu, alikuwa ameapa kwamba wapinzani walipaswa kumwachia mdakaji yadi tano za kupumua. Nikaishika hoja hiyo nayo. Siku mbili nzima niliitangaza kama injili, mpaka nilipofika nayo kwa mzee mmoja ninayemhudumia. Kazi yangu ni kuogesha na kuvisha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na huyu alizaliwa Marekani, ana ulimi mkali kuliko siki. Akanicheka. Alisema yadi tano ni sheria ya huku Kanada, kule vyuoni kwao hakuna kitu kama hicho, na aliyenifundisha akafundishwe kwanza yeye.

Nilimwonyesha ule mkono. Hapo akaacha kucheka. Akachukua yai la kuchemsha kwenye sinia lake, akalisukuma mpaka likagonga kikombe, akanieleza polepole kwamba mchezaji akisukumwa na mpinzani mpaka akaugonga mpira, sheria ya vyuo haimhesabu kuwa ameugusa. Alitumia sentensi ndefu yenye vipande vitatu, akakohoa katikati. Mimi nilikuwa namfunga vifungo vya shati, nikacheka peke yangu. Sentensi yote hiyo kwetu ni neno moja. Mtu hugusa, mtu huguswa, na mtu hugusishwa.

Kuanzia hapo hakukulalika. "Hukugusa, uligusishwa," nilimwandikia mwanangu asubuhi. Mchana nikamtumia picha ya ule mkono, nimeuzungushia duara jekundu. Nikamwambia adai haki yake, na kama anaogopa, mimi mwenyewe nitamwandikia kocha. Nikamketisha baba yake, nikamwonyesha, naye akazima televisheni, jambo ambalo hata nilipokuwa na uchungu wa kuzaa hakulifanya. Akakiri kwamba kweli, kijana kaonewa. Nilijiona mshindi. Barua ya kocha nikaianza, nikaifikisha aya ya pili.

Alhamisi mchana, nikiwa chumba cha mashuka nakunja foronya, simu ikaita. Alikuwa yeye. Alianza kwa Kiingereza, akiniomba niache, basi, inatosha. Nikamkatiza, nikaanza habari za mkono. Aliniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuparamia maneno:

"Sikugusishwa, Mama. Niligusa."

Akanieleza, mara Kiswahili, mara Kiingereza. Mdakaji alipoona mpira hauwahiki alipiga kelele wote wauache. Yeye alisikia. Lakini miaka mitatu amekuwa akimsafishia njia mtu mwingine akimbie, na siku ile aliuona mpira unamjia, akaona mbele yake majani matupu, akautaka. Aliinama kuuokota, ukamponyoka, ukampiga mguuni. Ule mkono ulifika baadaye.

Nilikaa juu ya rundo la mashuka. Mtoto huyu nimemlea kwa neno usiguse. Kila tulipoingia dukani nilimwambia aweke mikono mfukoni, asishike kitu asichonunua, wasije wakamsingizia wizi. Alikua hivyo, mikono mfukoni, mpole, kila mwalimu akimsifu. Na leo ananiambia ameona kitu akakitaka, akanyoosha mkono mbele ya uwanja mzima. Nilipaswa kusikitika. Niliona fahari, na simwombi mtu radhi.

Nikamwuliza sasa kwa nini alitaka kurudi nyumbani, kama kosa analijua na analibeba mwenyewe. Akasema Jumapili ilikuwa aibu ya mechi, na aibu ya mechi huisha. Lakini tangu Jumatano ilikuwa mimi. Kila akifungua simu anakuta mama yake anamwambia hakufanya kitu.

"Nilifanya, Mama. Nilifanya vibaya, lakini ni mimi niliyefanya."

Barua ya kocha niliifuta pale pale, huku bado yuko kwenye simu. Nikamwuliza kuhusu mpira. Akasema haachi, amewekwa benchi mechi mbili, na benchi atalikalia.

"Basi kesho nenda mazoezini," nikamwambia, "ukawaambie wenzako ukweli, kwamba uliugusa mwenyewe."

"Nimeshawaambia wote," akasema. "Ulikuwa umebaki wewe."