Vijiko vya Nyakabanda

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika shule moja ya wauguzi hapa Kigali. Nilitunza pia chumba cha vitabu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipitia kwangu, maana utafiti wake, ambao sote tuliuita memwari, ulichapwa na vidole vyangu. Hakuna aliyeniuliza maoni, na mimi sikudhani nina la kusema.

Mwaka mmoja akaja msichana wa Kagarama, mpole, mwenye mwandiko mdogo ulioniumiza macho. Alitaka kujua kwa nini watoto wanaohara walizidi kuletwa kituo cha afya wakiwa hoi, ilhali mama zao walishafundishwa kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Alizunguka Nyakabanda, mtaa wangu mwenyewe, akiwauliza kina mama wanaweka vijiko vingapi. Karibu wote walijibu vilevile: lita moja ya maji, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Basi akaandika kwamba kina mama wanajua, tatizo liko kwingine. Mwalimu wake, mama mkali aliyewahi kuuguza watoto wodini kwa miaka mingi, akakubali.

Nilipofika ukurasa huo nikaacha kuchapa. Asubuhi ile nilikuwa nimepima sukari ya uji kwa kijiko cha supu, kwa sababu nyumbani hakikuwepo kingine.

Alipokuja kuchukua kurasa zake nikamwuliza, "Mwanangu, hivyo vijiko uliviona?"

"Vijiko gani, Madamu?"

"Vya hao mama. Uliwauliza vingapi. Vya namna gani, je?"

Aliufungua ukurasa ule, akausoma upya.

Jumamosi akaja kwangu Nyakabanda, twende tukavione. Tulianza kwa jirani yangu, mke wa seremala, mwanamke aliyekulia Bujumbura. Tukamwomba asitueleze, atutengenezee tu. Akacheka. "Kijiko iko hii moja tu," akasema, akatoa kijiko kikubwa cha kupakulia. Lita yake ilikuwa chupa ya bia, nayo haifiki lita. Nyumba ya pili chumvi ilipimwa kwa kiganja. Ya tatu walikuwa na kijiko cha chai kama walivyofundishwa, lakini walikijaza mpaka sukari inamwagika. Kufika saa sita mchana tulikuwa tumeonja maji ya nyumba saba, mengine machungu kwa chumvi.

Msichana akaketi kwenye ngazi yangu. "Nimeandika uongo," akasema.

"Umeandika ulichoambiwa."

Jumatatu akaniomba nimsindikize kwa mwalimu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikwenda?"

"Nilikwenda, Mwalimu." Nilijua nimeingilia kazi isiyo yangu.

"Hao mama nimewafundisha mwenyewe," akasema taratibu. "Sikuwahi kuwauliza wanapimia nini." Kisha akamwambia msichana, "Anza upya. Una wiki tatu."

Msichana alikuja kulia kwenye chumba changu cha vitabu, akanawa uso, akaenda. Kila alasiri alikuwa Nyakabanda, safari hii bila kuuliza mengi: alitazama, akapima, akaandika. Mimi nilichapa wakati wenzangu wakila. Siku nyingine mwalimu alipita akasoma amesimama nyuma ya bega langu, nami nikikosea herufi kwa woga.

Siku ya kuitetea memwari, mtahini mmoja alitaka kujua kwa nini aliacha maswali akaanza kutazama. Akajibu, "Madamu anayetuchapia ndiye aliyeniuliza kama nimeviona vijiko." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Vichwa vyote viligeuka, nikaona haya na furaha kwa pamoja.

Alifaulu. Mwalimu mwenyewe akaenda kituo cha afya kuomba kwamba kila mama aje na kijiko chake na chupa yake, aonyeshwe kwa vyombo hivyohivyo maji, sukari na chumvi viishie wapi.

Nakala ya memwari ile sina. Mwaka wa tisini na nne ulituondolea watu, sembuse karatasi, na hayo siwezi kuyaweka katika kurasa hizi. Lakini katika muda tuliobaki nao pale shuleni, mwalimu alipoleta kazi ya mwanafunzi ichapwe, hakuiacha mezani akaondoka kama zamani. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri niisome kwanza.