Sweta la Kwenda Milimani

Kaka yangu ni dereva wa lori la mbuzi, na ndiye aliyenitia wazimu wa milima. Alihamia upande wa Maua, akaoa huko, na kila alipokuja kwetu Kutulo kupakia mifugo alinionyesha picha kwenye simu: ukungu wa asubuhi, majani mpaka magotini, watoto wake wakipanda na kushuka mlimani kutwa nzima.

"Walaal, dada yangu, kuna nyumba karibu yangu inapangishwa," akasema. "Huko hata mchana unavaa sweta, wallahi."

Binti yangu ana pumu. Kila kiangazi vumbi likianza nilimpakata akipigania pumzi, midomo imebadilika rangi. Niliitaka nyumba ile mpaka nikakonda.

Mume wangu alicheka. "Ngamia wangu watakula nini huko, maparachichi?"

Tuligombana mwaka mzima. Nilimrushia sufuria, yeye alilipiga jiko langu teke, chai ikamwagikia miguu yangu. Ukame ulipomaliza ng'ombe wake wote, kiburi kilipungua. Akakubali kuwanywesha ngamia waliobaki mara ya mwisho, amwachie mdogo wake, na kesho yake tupande lori la kaka. Nilikimbia kununua sweta la manjano la mtumba. Binti yangu alilivaa palepale juani, akakataa katakata kulivua.

Siku hiyo mimi na binti yangu tulimfuata mume wangu kisimani. Foleni ilikuwa ndefu, na watu wana hasira ya kiu. Kisimani zamu ni zamu. Ukiruka zamu ya mtu umemtukana yeye na ukoo wake. Jirani yetu, wa ukoo mwingine, aliingiza ngamia wake mbele ya wetu. Mume wangu alimchapa fimbo ya mgongo. Jirani akageuka, akampiga ngumi ya mdomo, jino likaruka. Mara nikaona visu.

Kwetu mwanamke akivua mtandio na kuutupa kati ya wanaume wanaopigana, hakuna anayeruhusiwa kuuvuka. Nilikimbia kichwa wazi, nikautupa. Jirani aliuona, akashusha kisu. Alikishusha, mimi nilikuwa hapo. Mume wangu aliukanyaga mtandio wangu, akamchoma tumboni.

Nilimpiga mume wangu makofi mbele ya watu wote, nikamwita mbwa. Kisha nikamvua binti yangu lile sweta, akilia na kuning'ang'ania, nikapiga magoti na kulikandamiza kwenye jeraha. Damu ilinipita vidoleni.

"Usife," nikamfokea jirani. "Ukifa, wallahi, nitakuua!"

Watu walidhani nimerukwa na akili. Lakini akipona, wazee wangeketi, wangesuluhisha, nasi tungekwenda zetu. Akifa na sisi tukaondoka, ingekuwa ni kusema hatutaki suluhu, na kisasi kingemwangukia shemeji yangu au mwanamume yeyote wa ukoo wao atakayekutwa njiani.

Walimpakia kwenye gari la kwenda Mandera, lile sweta likiwa bado tumboni pake. Alikata roho njiani. Polisi walimchukua mume wangu. Wazee wa ukoo wake wakaja kuniambia nisiguse mizigo mpaka mazungumzo yaishe. Niliwatukana, nikawafukuza kwa mwiko, lakini niliwatii. Asubuhi kaka yangu aliwasha lori na kuondoka bila sisi. Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakauka.

Mazungumzo hayajaisha, na vumbi limeanza tena.

Juzi mjane wa jirani alikuja mpaka kwenye ua wetu wa miiba, amevaa nguo nyeupe za eda. Alikuwa amelifua lile sweta, lakini doa la hudhurungi halikutoka. Hakunisalimu.

"Mume wangu aliuheshimu mtandio wako," akasema, akalitupa juu ya miiba na kuondoka.

 Binti yangu alitoka mbio, akalinasua kwenye miiba, akalivaa, akanitazama huku akihema.

"Hooyo, mama," akaniuliza, "lori limekuja?"