Jiwe Nililomchorea Kabula

Nilipokuwa mtoto kule Ilemela, nyumba yetu ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha wageni, nacho kilikuwa cha dada yangu Kabula: daftari alilochora ufukwe wetu, na chini ya kila picha ameandika alichokiona siku hiyo. Wageni waliletewa daftari kabla ya soda. Bibi, asiyejua kusoma, alifunua kurasa akionyesha kwa kidole mwamba tulioanikia dagaa, na njia ya kuteremkia ziwani. Mimi nilishika nafasi ya tatu darasani na ripoti yangu haikutoka kabatini. Kwa nini nifiche, nilimwonea kijicho.

Jiwe moja halikuwamo, lile lililopasuka katikati, karibu na maji. Bibi alikuwa amemkataza. Alisema jiwe lile lina wenyewe, na siku litakapoingia daftarini, ziwa litambeba mwenye daftari. Kabula, aliyekuwa mbishi kwa kila kitu, kwa hilo alitii.

Mchana mmoja alipokwenda kuchota maji, nililichora mimi kwenye ukurasa wa mwisho. Lilitoka kama viazi viwili vilivyogombana. Sikutaka afe. Nilitaka aondoke kidogo tu, na mimi nionekane.

Mwezi haukuisha, shangazi akaja kutoka Bukoba kumchukua akasome kwake. Tulimsindikiza bandarini. Meli ilipoacha gati, Bibi alinishika mkono akasema taratibu, "Ziwa limembeba." Nililia kuliko wote, na watu wakanisifu kwa kumpenda dada yangu. Daftari alikwenda nalo, kwa hiyo wageni wakawa wanaletewa soda tu.

Sasa mimi ni mtu mzima, na nimekuja kujua kwamba shangazi alikuwa ameshapatana na mama kabla sijashika penseli. Kujua huko hakujanisaidia sana. Desemba iliyopita Kabula alikuja na wanawe, akawafunulia ukurasa ule wa mwisho, umelegea kwa kushikwashikwa.

"Hili alinichorea mama mdogo wenu, kwa siri, nisisahau nyumbani," aliwaambia. "Kule kwa shangazi, nikizidiwa na kilio, nililala nalo."

Badala ya kusema kweli, niliwaongezea watoto soda. Nikamwonea wivu upya, na safari hii haukuwa wa daftari. Miaka yote hiyo yeye alikuwa na mdogo wake mwema, na mimi ndiye ambaye sikuwahi kumjua.